Kwa Nini Kimbunga Kimetulia Katikati

Enzi zile kaa alipokuwa bado anatembea mbele mbele kama wanyama wengine, kimbunga nacho kilikuwa hakijui kuzunguka. Kilikwenda moja kwa moja, kama mtu aliyetumwa na mama mkali. Kilizaliwa mbali baharini, mahali maji yana joto kama uji uliopoapoa, kikanywa joto lile, kikanenepa, kikaanza safari. Kikifika nchi kavu kilivunja nyumba za pwani, kikapanda bara kidogo, kikakosa cha kunywa, kikafa. Watu walizika wafu wao, wakaezeka upya, na hakuna aliyekitaja tena mpaka kizaliwe kingine.

Najua wapo hapa waliosoma, na wana maelezo yao juu ya jambo hili, yenye mishale na namba. Sina ugomvi nao. Nawaomba tu wasinikatize, kwa sababu hadithi hii ina mkanganyiko wa kutosha hata bila ya wao.

Palikuwa na nchi nyembamba, imelala katikati ya bahari mbili kama kamba ya kuanikia nguo. Upande jua linakochomoza palikuwa na kijiji cha Mawioni, na upande linakozama palikuwa na kijiji cha Machweoni. Katikati nchi iliinuka ikawa mgongo, na juu ya mgongo huo palikuwa na nyumba chache zilizoitwa Mgongoni. Mtu wa bahari hii akitaka kwenda bahari ile hakuwa na njia nyingine ila kupanda Mgongoni, apumzike, ndipo ateremke. Bahari zenyewe hazikuwahi kuonana. Samaki wa huku hakumjua samaki wa kule, wala kimbunga cha huku hakikuwahi kunusa maji ya kule.

Aliyepokea wageni wa Mgongoni aliitwa Bi Kazija. Alikuwa mjane, mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kugomba. Kazi ile aliirithi kwa mama mkwe wake, pamoja na desturi yake. Mgeni akibisha hodi, awe nani, kwanza huogeshwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani ya mrehani. Haulizwi jina, haulizwi atokako wala aendako, mpaka amalize kuoga. Akisha kuoga amekuwa mgeni wa nyumba, na siku ya kuondoka husindikizwa kwa kushikwa mkono mpaka aione bahari anayoiendea. Watu wa Mgongoni waliringa sana kwa desturi hiyo. Waliwacheka watu wa pwani, ambao humpa mgeni maji ya kunywa na kuanza kumhoji yangali mdomoni.

Bi Kazija alizaa watoto kadhaa, akawazika wote isipokuwa binti mmoja, Mize. Mize aliolewa Machweoni, na sasa alikuwa na mimba yake ya kwanza, tumbo limeshuka, siku zimetimia. Mama yake alikuwa amekwisha kufunga furushi la kwenda kumwuguza. Alikuwa akingoja jirani tu aje kumshikia zamu ya vyungu. Kila alipomfikiria Mize akishikwa na uchungu bila ya yeye kuwapo, alilifungua furushi na kulifunga upya.

Asubuhi aliyokusudia kuondoka, mambo yote yalikwenda kombo, na Bi Kazija hakuelewa hata moja. Kuku walikataa kutoka bandani. Moshi wa jikoni, badala ya kupanda, ulilala chini na kutambaa hadi mlangoni kama unaotaka kutoroka. Mvua ilikuja, lakini haikutoka juu. Ilipanda mlima kutoka chini, ikampiga usoni na puani. Kutoka Mawioni ukasikika mngurumo mrefu, kisha ule mngurumo ukachoka, ukawa kama mtu anayekoroma, halafu kimya. Bi Kazija alijikuta amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Hakuwa anapika chochote, na hakukumbuka ameutoa wapi.

"Hodi," sauti ikasema. "Hodi wenyewe."

"Karibu," alijibu kwa mazoea. "Pita."

Aliyepita alikuwa mtu mrefu kupita kiasi, ameinama, amelowa chapachapa, anatetemeka. Hakuwa na mzigo wala fimbo. Bi Kazija alimtazama usoni ili ajue ni mkubwa wake au mdogo wake, na kwa hiyo nani amwamkie mwenzake, akashindwa. Ukimtazama hivi ni babu. Akigeuka kidogo, ni kijana ambaye ndevu hazijamwota.

"Shikamoo," mgeni alisema.

"Shikamoo," Bi Kazija alisema papo hapo.

Wakatazamana. Hakuna aliyeitikia, maana kila mmoja alimwonea haya mwenzake.

"Mama, hapa ni wapi?"

"Ni Mgongoni, mwanangu. Au baba. Ni Mgongoni."

"Na mimi natoka wapi?"

"Ajabu hii!" alisema Bi Kazija. "Mimi mwenye nyumba sina ruhusa ya kukuuliza hilo, na wewe unaniuliza mimi? Njoo uoge."

Kwa kawaida mgeni alioga mwenyewe. Huyu hakuweza hata kuinua kata, basi Bi Kazija alimfunga shuka kiunoni, akamkalisha kwenye ua wa makuti, akamwogesha kama anavyoogeshwa mgonjwa. Maji ya moto yalipomgusa mabegani, mgeni alifumba macho akashusha pumzi ndefu, na makuti yote ya ua yakalala upande mmoja. Bi Kazija akadhani ni upepo. Chungu kikaisha, mgeni akaomba kingine. Nacho kikaisha. Kila alichommiminia hakikuonekana kilikokwenda, kwa sababu nywele za mgeni hazikukauka na ardhi chini ya miguu yake haikulowa. Tone moja lilimrukia Bi Kazija mdomoni, akalilamba. Lilikuwa la chumvi. Alikuwa ameyateka maji yale mwenyewe kisimani, lakini asubuhi hiyo hakujiamini tena. Huenda alipitiwa akatia chumvi, kama alivyopitiwa akashika mwiko.

Aliendelea kuchemsha. Kuni zilikaribia kwisha, vyungu navyo vilikaribia kwisha, na kila chungu kilipomwagwa mgeni alinyooka kidogo, sauti yake ikawa nzito kidogo, mashavu yakajaa. Bi Kazija alifurahi. Hakuna furaha ya mpokea wageni kama kumwona aliyeingia maiti akirudi kuwa mtu.

"Sasa umeoga, naweza kukuuliza," alisema. "Jina lako nani?"

"Sijui."

"Una miaka mingapi?"

"Sina hata mmoja. Nadhani nilizaliwa juzijuzi."

Bi Kazija akacheka, akidhani ni mzaha.

"Nakumbuka maji ya moto," mgeni aliendelea, akikunja uso kama anayetafuta kitu kilichodondoka. "Nilikuwa na furaha, mama. Nilikimbia, nikawa nakua huku nakimbia. Kisha kitu kigumu kikanikwaruza tumbo, nikaumwa, nikapotea. Sikumbuki zaidi."

Hapo ndipo watu wa Mawioni walipoanza kuingia, wametota, wamechubuka, wengine bila nguo za kutosha. Aliyetangulia alikuwa Vuai, fundi wa kuezeka, mtu aliyekua pamoja na Bi Kazija. Alikuwa amebeba mlango mgongoni. Ulikuwa mlango wa nyumba yake, na ndicho kitu pekee alichokiokota.

"Kazija, dada yangu," alisema, "Mawioni haipo."

"Haipo vipi? Si nilikuwa kwenu juzi harusini?"

"Haipo. Mapaa yote yale niliyaezeka kwa mikono hii, hakuna hata moja lililobaki. Mama yangu tumemkuta juu ya mnazi. Maiti. Sijui alifikaje huko. Mama yangu hakuweza kupanda hata kizingiti."

Bi Kazija alimpa pole. Aliyelia alikuwa mgeni. Alilia kwa kwikwi, machozi ya kweli, akawa anauliza, "Nani amewafanyia hivi? Nani mwenye roho hiyo?" Na kila kwikwi ilipomtoka, paa la jiko liliinuka, likakaa tena.

Vuai alimtazama mgeni, akatazama paa, akamtazama mgeni tena.

"Kazija," alisema taratibu, "tumepanda huku kwa kufuata miti iliyoanguka. Tangu ufukweni imelala mstari mmoja, vichwa vimeelekea juu. Mstari umeishia mlangoni kwako."

Bi Kazija alitoka nje kutazama. Ilikuwa kweli. Miembe, mifenesi, mipera, yote imelala, na mpera wa mwisho ulikuwa umelalia kizingiti chake. Aliuvuka ule mti mara ngapi tangu asubuhi, akienda kuchukua kuni, asiuone?

"Mama," mgeni aliuliza nyuma yake kwa sauti ndogo, "ni mimi?"

Bi Kazija alitaka kusema ndiyo, akataka kusema hapana. Aliyaona macho ya mgeni, nayo hayakuwa ya mwongo wala ya muuaji. Aliuona na mlango mgongoni kwa Vuai. Vitu hivyo viwili vilikataa kukaa pamoja kichwani mwake. Alimchukia mgeni, akamwonea huruma, akajichukia kwa huruma hiyo, yote kwa wakati mmoja, na hakujua alishike lipi.

"Alikuwa anakufa," Vuai alisema. "Tulimwona kwa mbali anavyojikokota. Tulisema tutamkuta amelala njiani amekwisha. Umempa nini?"

"Maji ya moto."

"Maji ya moto!"

"Ndiyo desturi yetu, Vuai."

"Vyungu vingapi?"

Bi Kazija aligeuka kuvitazama. Vyungu vyote vya nyumba ile vilikuwa vitupu.

Mgeni akasimama. Hakuwa ameinama tena, na kichwa chake kiligonga boriti. Akageuza pua upande wa machweo, akanusa, uso ukang'aa.

"Nasikia harufu ya maji ya moto," alisema. "Mengi, mama. Si ya chunguni. Upande ule."

Upande ule palikuwa na Mize, na tumbo lake, na paa la makuti ambalo mumewe alikuwa akiahidi kulitengeneza tangu kiangazi. Vuai alitwaa panga la kuchanjia kuni lililokuwa mlangoni akampiga nalo mgeni kiunoni, panga likapita upande wa pili kama limekata moshi. Mgeni wala hakugundua.

Nimekwisha kuwaambia kwamba watu wa Mgongoni walikuwa watu wa desturi. Mwingine angekimbia, mwingine angefunga mlango. Bi Kazija, kwa jinsi alivyochanganyikiwa, alikumbuka jambo moja tu alilokuwa amelifanya maisha yake yote. Alinyoosha mkono.

"Mgeni wangu," alisema, "umekwisha kuoga. Sasa nakusindikiza."

Mgeni akafurahi, akampa mkono. Ulikuwa wa baridi, na mkubwa kuliko mkono wowote aliowahi kuushika.

"Unampeleka wapi?" Vuai alimnong'oneza.

"Sijui. Popote pasipo na maji, mpaka akauke."

Akaanza kumzungusha. Alimpitisha nyuma ya nyumba, kisimani wasifike, wakaukata mlima kwa ubavu, wakarudi mbele ya nyumba, wakaanza upya. Mgeni alifuata kama mwana-mbuzi. Hakuwahi kusindikizwa na mtu tangu azaliwe.

"Mama, mti huu si tumeupita?"

"Huo ni ndugu yake."

"Na yule bwana mwenye mlango mgongoni?"

"Naye ni ndugu yake."

Mizunguko ya mwanzo ilimchosha. Mabega yalishuka, pumzi ikawa fupi, na Bi Kazija akapata moyo, akaongeza mwendo. Hapo ndipo alipokosea. Mgeni huyu hakuwahi kwenda ila moja kwa moja, na kuzunguka kulikuwa jambo geni kwake. Kwanza alipata kizunguzungu. Kisha akakuzoea. Kisha akakupenda, akaanza kucheka kama mtoto anayerushwarushwa na mjomba wake, akaenda kasi kuliko mwenyeji wake, kasi kuliko miguu ya mtu yeyote. Bi Kazija hakuweza tena kwenda naye. Alibaki amesimama, ameushika mkono, na mgeni anakimbia pembeni yake duara baada ya duara. Majani yakaruka, banda la kuku likaruka, vyungu vikaruka. Pale aliposimama yeye, hata upindo wa kanga haukutikisika.

Aliduwaa. Alikuwa amekusudia kumchosha, na sasa amemfundisha.

Isitoshe, Mgongoni pana mteremko. Kila mzunguko uliwapeleka chini kidogo, na chini kulikuwa upande wa machweo. Bi Kazija alikaza visigino, haikusaidia. Angeweza kumwachia, na mara nyingi vidole vilimwomba amwachie. Lakini alifikiri, akimwachia atanyooka, na akinyooka atakwenda kama mshale mpaka kwa Mize. Kwa hiyo akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

Waliingia bahari ya pili kusini ya Machweoni. Mgeni alikunywa, akapiga ukelele wa furaha.

"Mama! Haya ni matamu kuliko yale ya kwetu!"

Bi Kazija alidhani atazama, lakini maji ya pale katikati yalilala chini ya nyayo zake kama mkeka. Mgeni aliendelea kunywa na kukua, mpaka kichwa chake hakikuonekana tena, mpaka akawa ukuta wa mawingu uliowazunguka pande zote, na juu kikabaki kipande kimoja cha anga ya buluu. Bi Kazija hakujua tena mashariki wala magharibi. Hakujua kama bado anamsindikiza mgeni au yeye ndiye anayesindikizwa. Alijua mkono tu, kwa sababu ulimwuma.

Kisha ukuta ukapasuka mahali padogo, akaiona minazi ya Machweoni. Walikuwa wanaelekea huko.

Alivuta. Ilikuwa kama kuvuta nyumba. Alimwita, akamsihi, akamtukana matusi ambayo hakujua kwamba anayajua. Mgeni aliyasikia yote, akaitika, "Naam, mama," kwa upole, na hakuweza kugeuka, maana alikuwa mkubwa kuliko akili yake. Bi Kazija akaona kuwa kumgeuza hawezi. Kitu alichoweza ni kuchagua pa kusimama yeye mwenyewe. Basi akaanza kutembea kule katikati, hatua kwa hatua, mkono ukimvuta begani kama unaotaka kung'oka, akiifuata ile minazi mirefu iliyo nyuma ya nyumba ya Mize, ili penye utulivu papite hapo na si pengine.

Upande wa kwanza wa ukuta ulifika kijijini kabla yake. Hakuona kitu, alisikia tu. Alisikia mapaa yakichanika, na watu wakiitana majina, na majina mengine hayakuitikiwa. Baadaye akapata kusikia sauti moja ya mwanamke, inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, na sauti hiyo aliijua tangu ilipokuwa inalilia ziwa. Mize alikuwa na uchungu katikati ya upepo ule, na mama yake alikuwa ng'ambo ya ukuta, ameushika mkono wa aliyeuleta. Bi Kazija alilia mpaka pua ikamziba.

Halafu ghafla wakawa wamefika. Upepo ulikatika. Jua likawaka kwenye ua wa Mize, juu ya vigae na maganda ya nazi na mbuzi aliyekufa. Nusu ya paa ilikuwa imekwenda. Mlango ukafunguliwa, Mize akatoka akijishikilia ukutani, mkunga nyuma yake anamkataza, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kanga.

"Mama!" alisema. "Umefika!"

"Nimefika, mwanangu."

"Nilikuita. Nilikuita sana."

"Nilikusikia."

"Ni wa kike, mama. Sasa hivi tu, upepo ulipokatika. Mpokee." Kisha akamtazama mama yake vizuri, akaona amekaza mikono yote miwili juu ya kitu kinachopanda hadi mawinguni. "Ni nani huyo uliyemshika?"

"Ni mgeni," Bi Kazija alisema. Alishindwa kueleza zaidi ya hapo.

Mgeni akainama kutoka juu, taratibu, asije akavunja kitu. "Mama, yule ni nani?"

"Mjukuu wangu."

"Mdogo hivyo! Kama mimi nilipokuwa mdogo. Mpakate, mama. Niachie kidogo umpakate, mimi nitasubiri hapa hapa."

Bi Kazija alijua kwamba anasema kweli. Alijua pia kwamba hataweza kusubiri, kama alivyosema kweli alipouliza nani mwenye roho ile, huku paa la jiko likiinuka kwa kwikwi zake. Nusura amwachie. Kidole kimoja kilikuwa kimekwisha kufunguka kabla hajakiona, akakifunga tena.

"Mwinue," alimwambia Mize. "Mwinue juu, nimwone."

Mize hakuelewa, lakini akamfunua mtoto uso, akamwinua.

"Mgeuze huku. Ehe. Kafanana na nani?"

"Hata sijui, mama. Kavimba tu."

Bi Kazija akacheka, na kicheko kikamgeukia kilio katikati. Alimtazama mtoto mpaka akamshiba, ikiwa kuna kumshiba. Kivuli cha ukuta kilikuwa kimeanza kuingia uani.

"Sasa ingia ndani," alisema. "Egemezeni vitu upande ule mwingine. Upepo utarudi, na safari hii utatokea huko, kwa sababu anazunguka. Funga mlango, Mize."

"Na wewe je?"

"Mimi nina mgeni. Funga mlango!"

Mize aliingia akilia. Mlango ukafungwa, na upepo ukaja kutoka upande wa pili.

Walikwenda mbali baada ya hapo, mahali ambapo hakuna nchi. Huko maji hupoa. Mgeni alianza kutetemeka tena, akapungua, akainama, akawa kama siku ile ya hodi.

"Mama, nasikia baridi. Tumefika?"

"Tumefika," alisema Bi Kazija. Hakuwa na kuni wala chungu. Alimchotea maji baridi kwa kiganja, akamwosha mabega, akamwosha uso, na mgeni akafumba macho. Mkono ulipungua ndani ya mikono yake, ukawa wa babu, ukawa wa mtoto, kisha ukawa unyevu tu. Bi Kazija akalia. Hakujua anamlilia nani, mama yake Vuai, au watu wa Machweoni, au yule mgeni asiye na jina. Mimi nimeisimulia hadithi hii tangu sijaota mvi, nami sijui.

Alijifuta mikono ili aanze safari ya kurudi nyumbani. Lakini nyuma yake, katika bahari ya kwanza, kingine kilikuwa kimezaliwa, na hicho hakikuhitaji kufundishwa. Kilizaliwa kinazunguka, kinapapasa kutafuta mkono. Alijua kisiposhikwa kitafanya nini. Akaenda akakishika.

Na tangu siku hiyo kimbunga huzunguka. Kikiipanda nchi ile nyembamba hudhoofika, kikalala Mgongoni kama mgonjwa. Mara nyingine hufa hapo, kwa kuwa watu wa Mgongoni wakisikia mngurumo wa Mawioni huzima moto wa mafiga yote na kumkaribisha kila mtu kwa maji baridi ya kisimani, hata akiwa mkwe. Mara nyingine hujikokota, kikateremka, kikanywa bahari ya pili na kuinuka upya, na watu wa kule hukipa jina jingine kwa sababu hakuna aliyewahi kuambiwa lile la kwanza. Na katikati yake, pawe pana au pawe padogo, hapana upepo.

Wageni wa Machweoni wakiona utulivu ule hushangilia, hutoka mbio kwenda kuokota mabati yao, wakidhani yamekwisha. Wenyeji hawashangilii. Hutazama kwanza kama upande wa pili wa nyumba umeegemezwa vizuri. Kisha kila mwenye mtoto mchanga hutoka naye mlangoni, akamfunua uso, akamwinua juu kuelekea kile kipande cha buluu. Humgeuza huku, humgeuza kule, bila haraka, ili aonekane. Halafu huingia ndani na kufunga mlango.